Keti Kwenye Gari la Mwenzako

Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema "umefaulu." Alifundisha udereva Ishiara kwa miaka mingi. Mikononi mwake walipita walimu, wauguzi, wachungaji, na karibu kila mtu anayeendesha lori la ndengu kutoka kwetu kwenda Embu mjini, lakini neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake. Ukimaliza somo la mwisho vizuri, ukasimamisha gari kando ya barabara bila kulitikisa, yeye alitazama mbele tu, akafuta vumbi la dashibodi kwa kitambaa chake, halafu akasema, "Shuka. Mwite mwenzako."

Tuliomjua tulielewa. Aliyeendesha vibaya hakuambiwa ashuke. Aliambiwa, "Zunguka tena."

Watu wote walimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Nataka kuandika juu ya kazi yake ya mwisho, ambayo namshukuru Mungu kwamba niliishi nikaiona. Mtu aliyefundisha magari ya chuma maisha yake yote alimalizia uzee wake akitunga kanuni za mashindano ya magari ambayo hakuna awezaye kuyagusa.

Vijana wetu wana mchezo wa kompyuta ambao ndani yake mtu hapewi gari, bali analiunda. Anachagua umbo, anajenga injini kipande kwa kipande, anaamua uzito, gia, breki na magurudumu. Likiwa tayari, analipeleka kwenye barabara ya mbio iliyo ndani ya kompyuta hiyo hiyo na kushindana na wenzake. Mashindano yao yalikuwa ya magari ya kawaida, kama yale ya familia, yaliyotiwa nguvu kwa ajili ya mbio. Upande mmoja walikuwa vijana wa Ishiara, na upande wa pili vijana wa Kianjai, kule Meru. Msimu mzima kila upande uliendesha ukiwa kwake, wakiunganishwa na mtandao. Mbio za mwisho tu ndizo walizokutana ana kwa ana.

Misimu miwili ilikuwa imeharibika. Wa kwanza uliisha kila upande ukitangaza bingwa wake. Wa pili ulimalizikia katika ukumbi wa kanisa letu. Wageni wa Kianjai walidai wamegongwa makusudi, wakainuka wote kwa pamoja, wakapanda gari lao na kuondoka, wakiacha sufuria kubwa ya pilau haijaguswa. Akina mama waliokuwa wameshinda jikoni tangu asubuhi hawakusahau. Kwetu mgeni akiondoka bila kula, hiyo si njaa, ni tusi.

Katika kikao cha wazee wa kanisa, nami nikiwa mmoja wao, ilisemwa wazi kwamba ukumbi utatolewa mara moja zaidi. Ukizuka ugomvi mwingine, vijana watafute pengine. Nilijua hapakuwa na pengine. Hakuna mahali Ishiara penye nafasi na stima ya kutegemewa kama ukumbi ule, na bila ukumbi, mashindano yangekufa na vijana wangerudi kukaa sokoni bila shughuli. Niliwatetea kadiri nilivyoweza. Vijana waliposikia hayo walikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, wakamwomba awatungie kanuni ambazo pande zote mbili zitaziheshimu.

Nilishangaa alipokubali. Hakuwahi kucheza mchezo wowote wa kompyuta. Jioni ile nilimpata nje ya ofisi yake akiota jua la mwisho, nikamuuliza kwa nini.

"Macho, Mzee," alisema. "Daktari ameniambia haya macho yanafunga mlango polepole. Hakuna dawa ya kuufungua, ni ya kuuchelewesha tu."

Nikamwambia pole, na kwamba tutamwombea.

"Ombeni. Lakini sikiliza. Nimefundisha watu kuendesha maisha yangu yote, na kila siku naona dereva akimtukana dereva. Sijawahi kuona mashindano ambayo aliyeshindwa anampigia makofi aliyeshinda, na anamaanisha. Nataka kuyaona hayo kabla mlango haujafungwa. Mara moja tu."

Basi hilo ndilo alilolitaka. Alikuwa na msimu mmoja wa kulipata.

*

Kama umejifunza udereva Kenya, unaijua bodi. Ni ubao mpana kama mlango, umechorwa barabara, makutano na raundabauti, na juu yake kuna vigari vya kuchezea vya watoto. Kabla hujagusa usukani wa kweli, unasukuma kigari kwa kidole huku ukisema kwa sauti kila unachofanya. Naangalia kioo. Nawasha indiketa. Nampisha aliye kulia. Naingia.

Walimu wengine huichukulia bodi kama jambo la kupitia haraka mtu afike kwenye gari. Mwalimu aliiona ndiyo shule yenyewe. Alikuwa na vigari vyake tangu zamani, rangi zimechubuka, na kile chekundu kilikuwa kimepoteza gurudumu moja. Alipenda kusema kwamba barabarani mtu anaweza kubahatisha, lakini kwenye bodi huwezi, kwa sababu ni lazima useme. "Mkono unaweza kudanganya," alisema. "Mdomo ukilazimishwa kusema kinachoonekana, unachoka kudanganya."

Watu wawili wakigongana pale mjini, hata kama hawakuwa wanafunzi wake, walimtafuta kabla ya kumtafuta askari. Yeye aliwaweka mbele ya bodi na kubadilisha vigari. Mwenye lori alipewa pikipiki, mwenye pikipiki akapewa lori. "Haya, keti kwenye gari la mwenzako, uniambie ulichokiona." Niliwahi kumwona mfanyabiashara mmoja mkali, mwenye lori, akianza kwa kelele, "Mimi ni huyu mjinga wa bodaboda!" Alisukuma kile kipikipiki hadi kwenye makutano, akatazama lori lililokuwa mbele yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ai. Hapa sionekani kabisa." Kesi ikaishia hapo.

Desturi hiyo ndiyo aliyoiweka katikati ya kanuni zake. Kabla ya malalamiko yoyote kusikilizwa, mlalamikaji na mlalamikiwa wabadilishane magari kwenye bodi, na kila mmoja asimulie tukio akiwa kwenye kiti cha mwenzake. Katika mbio za kawaida za msimu, vijana wakiwa mbali, walimpigia simu. Yeye aliiweka simu kwenye sauti kubwa juu ya meza, akawa anasukuma vigari mwenyewe kwa kufuata maneno yao.

*

Lakini asidhani mtu kwamba alianza vizuri. Kanuni zake za kwanza zilikuwa za barabara kuu ya kwenda Embu. Kila gari likae kushoto. Kupita ni kulia tu, baada ya kuwasha indiketa na kuangalia kioo. Vijana walimheshimu mno hata hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Walifanya mbio moja ya majaribio namna hiyo, tukaitazama ikionyeshwa kwa projekta kwenye ukuta wa ukumbi. Magari mazuri yenye nguvu za ajabu yalifuatana kushoto, moja nyuma ya jingine, mzunguko baada ya mzunguko, indiketa zikiwaka na kuzimika, hakuna anayepata nafasi ya kupita.

Sauti ikatoka kwenye spika, ya kijana wa Kianjai: "Mwalimu, samahani. Ni nani amefariki?"

Ukumbi uliangua kicheko. Nilimtazama Mwalimu nikidhani atakasirika. Alitazama ule msafara wa mazishi mpaka ukafika mwisho. Kisha akachukua karatasi yake, akapiga mstari juu ya kanuni ile, akajiambia mwenyewe, "Zunguka tena."

Yule kijana wa spika alikuwa Mwenda, fundi wa pikipiki wa Kianjai, mrefu, mwepesi wa kicheko. Alikuwa dereva bora kabisa wa upande wa Meru. Wa kwetu bora alikuwa Wawira, binti anayeuza dawa za mifugo dukani pale sokoni. Wawira alijifunza gari la kweli kwa Mwalimu, na nadhani hakuna mwanafunzi aliyeambiwa "zunguka tena" mara nyingi kama yeye. Alikuwa na haraka. Mwalimu alisema binti huyo angefika Embu kabla gari lake halijatoka Ishiara.

*

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya viti. Mwalimu aliandika kwamba kila gari litakaloundwa liwe na milango minne na viti vyote, paa la kutosha mtu mzima, na taa za breki zinazowaka. Vijana walikubali taa. Viti vikawatesa, kwa maana viti ni uzito, na uzito ni adui wa mbio.

"Mwalimu," Mwenda alisema kwenye simu, "hakuna mtu anayekaa humo. Hata mimi sikai humo. Ni mchezo."

"Nani amekuambia hakuna mtu? Mama yako amekaa nyuma."

"Mama yangu yuko shambani, Mwalimu."

"Amekaa nyuma. Amebeba mayai."

Huyo mama na mayai yake tulimjua sote. Kila mwanafunzi wa Mwalimu alimbeba. Ukifunga breki kwa ghafla, Mwalimu hakukuambia umekosea, aliuliza, "Mayai yako vipi?" Mimi nilijifunza udereva nikiwa nimeshastaafu kufundisha katekisimu, ili niweze kuendesha pikapu ya kanisa, na nikadhani kwa heshima ya umri nitasamehewa yule mama. Kweli alinisamehe. Mimi aliniwekea kwaya nzima nyuma, imesimama, na soprano mmoja mjamzito. Hadi leo nikifika kwenye tuta napunguza mwendo kwa ajili yake.

Alipoona hawajaridhika, aliwaeleza. "Gari lisilo na viti ni risasi. Mkitaka kushindana kwa risasi, nendeni kwa mtu mwingine. Haya ni magari ya watu. Anayeshinda hapa ashinde akiwa amebeba watu." Na milango nayo aliipa kazi. Mkifika kwenye kona mkiwa wawili, alisema, tazameni milango. Bampa ya anayetaka kupita ikiwa imefika kwenye mlango wa mbele wa mwenzake, huyo wa mbele amwachie nafasi. Ikiwa bado iko kwenye mlango wa nyuma, kona ni ya aliye mbele, na wewe uliye nyuma unavuta subira. Ukimgonga, unahesabiwa nyuma yake.

Wawira aliguna. "Kuvuta subira kwenye mbio, Mwalimu?"

"Hasa kwenye mbio."

*

Mwalimu alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alifundisha udereva lakini hakuwahi kumiliki gari, na akitoka kazini alitembea kwa miguu. Aliogopa mwendo. Alipopewa lifti alishika mkono wa mlango kwa vidole vyote na kukanyaga breki ambayo haipo upande wake. Mtu kama huyo ndiye aliyekuwa akikaa mbele ya ukuta wa ukumbi, akiona magari yakikimbia kuliko kitu chochote kilichowahi kupita Ishiara, na uso wake ukitulia kama wa mtu anayesikiliza wimbo.

Alitafuna mugukaa, ile miraa ya majani. Nimehubiri dhidi ya majani hayo mara nyingi, na nitaendelea kuhubiri, kwa kuwa nimeona yanavyokula vijana wetu wa Mbeere. Mwalimu alisikiliza mahubiri yangu yote akiwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Kabla ya kuingia alitema, akafunga majani yake kwenye kitambaa kingine, si kile cha dashibodi, akayaacha juu ya dirisha nje. Akitoka aliyachukua. Nilipomkaripia alisema, "Mzee, ukihubiri vizuri zaidi, nitayasahau hapo dirishani." Sijui kama nilihubiri vizuri au ni kazi ya Roho Mtakatifu, lakini msimu ule, mara mbili, nilikuta kitambaa dirishani watu wote wakiwa wameshakwenda.

Na alinifundisha kuomba, mimi niliyewafundisha wengine. Kabla ya mbio moja za katikati ya msimu nilisimama na kumwomba Bwana awatie nguvu vijana wetu wa Ishiara, aongoze mikono yao, awape ushindi. Watu wakaitikia amina. Mwalimu hakuitikia.

"Umeombea upande mmoja, Mzee," alisema mbele ya watu wote, kwa upole. "Keti kwenye gari la mwenzako, uombe tena."

Vijana walinitazama kuona mzee wa kanisa atafanya nini. Nilifunga macho, nikajiweka Kianjai, kwenye chumba chao nisichokijua, nikawaombea wale vijana wa Meru na mama zao. Nilipofika kwenye neno ushindi nilikwama, maana sasa nilikuwa nimewaombea wote wawili. Nikaomba badala yake kwamba atakayeshinda ashangiliwe na wote. Mwalimu akasema amina kubwa kuliko ya mtu yeyote.

*

Siku ya mbio za mwisho Ishiara iliwaka joto. Wageni wa Kianjai walifika kabla ya saa sita, Mwenda akiwa wa kwanza kushuka.

"Muga, Mzee!" akanisalimu. "Leo mmepika nini?"

"Chapati na ndengu na nyama ya mbuzi."

"Tutaona kama tutaila."

Alisema kwa mzaha, lakini mama aliyekuwa mlangoni mwa jiko aligeuka na kumtazama kwa jicho ambalo halikuwa la mzaha. Sisi sote tulikuwa na hofu ile ile. Mwalimu aliketi mbele kabisa, karibu na ukuta, kwa kuwa kutoka nyuma hakuona tena. Bodi ilikuwa imeegemezwa karibu na kiti chake, na upande wake wa nyuma alikuwa amechora kwa chaki umbo la barabara ya siku ile.

Hesabu ya msimu ilikuwa rahisi. Kati ya Wawira na Mwenda, atakayemaliza mbele ndiye bingwa.

Gari la Mwenda lilikuwa la buluu, la Wawira jekundu. Buluu liliongoza karibu mbio nzima, na jekundu likalifuata kama kivuli. Tulifika mzunguko wa mwisho, tukafika kona ya mwisho. Wawira alitumbukiza gari lake ndani. Magari yakagusana. Buluu likazunguka likaishia kwenye nyasi, na jekundu likavuka mstari peke yake.

Vigelegele vya Ishiara vilitikisa mabati. Na katikati ya vigelegele nilisikia viti vikiburutwa. Wageni walikuwa wamesimama.

"Twendeni," mmoja wao alisema. "Ni yale yale ya mwaka jana."

Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi. Sitasahau uso wake.

"Bodi," alisema Mwalimu.

Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia. Vijana wawili wakailaza juu ya meza. Akaweka kigari cha buluu na kile chekundu chenye upungufu wa gurudumu.

"Mwalimu, kuna rekodi," Mwenda alisema. "Turudishe nyuma tu, kila mtu aone."

"Rekodi itatuonyesha magari. Tutaitazama baadaye. Kwanza nataka kuwaona madereva. Wewe ndiye mlalamikaji. Keti kwenye gari la mwenzako."

Mwenda alisita, kisha akaweka kidole juu ya kigari chekundu. "Mimi ni Wawira," akasema.

"Sauti nyembamba!" mtu akapiga kelele nyuma, na watu wakacheka kidogo, hata wa Kianjai.

"Mimi ni Wawira. Mbele yangu kuna huyu kijana wa Meru, ameniudhi tangu tuanze." Kicheko kikaongezeka. "Kila mzunguko, kwenye kona hii, anafunga breki mapema. Anaacha nafasi ndani. Naiona. Na huu ndio mzunguko wa mwisho, sina mwingine..." Alitazama bodi. Sauti yake ikarudi kuwa yake. "Kweli, nafasi iko. Hata mimi ningejaribu."

"Sogea. Wawira, njoo."

Wawira alikuja akiwa bado na jasho la ushindi usoni. Akaweka kidole kwenye kile cha buluu. "Mimi ni Mwenda. Naangalia kioo. Nyekundu iko nyuma yangu. Nafunga breki. Naangalia kioo tena."

Kidole kikasimama.

"Sema unachokiona," Mwalimu alimwambia.

"Naona bampa yake."

"Iko wapi?"

Ukumbi mzima ulikuwa umejaa watu waliotaka aseme kitu kimoja, watu waliomlea, waliomnunulia soda asubuhi ile. Alikuwa bingwa kama angenyamaza, au angesema hakuona vizuri.

"Iko kwenye mlango wangu wa nyuma," Wawira alisema.

"Nyuma umembeba nani?"

"Mama."

"Ana nini?"

"Mayai, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka.

"Basi?"

"Kona ni ya Mwenda. Nilipaswa kumwachia." Akainua kichwa. "Yeye ndiye bingwa."

Tuliitazama rekodi, na ilionyesha vile vile alivyosema, lakini wakati huo haikuwa na kazi tena. Wawira alikuwa ameshamshika Mwenda mkono na kuuinua juu, kisha akauachilia, akapiga makofi. Makofi ya kwanza yalikuwa yake, peke yake. Ya pili yalikuwa ya yule mama wa mwiko, aliyepiga mwiko kwenye fremu ya mlango. Halafu ukumbi mzima, Ishiara na Kianjai, mpaka sikujua tena ni nani ametoka wapi. Mwenda alikuwa akilia na kucheka, akirudia tu, "Huyu dada! Huyu dada!"

Wageni walikula. Walikula mpaka sufuria zikalia kwa kukwanguliwa, na chapati zilizobaki wakazifunga kwenye karatasi ziwe za njiani. "Hawa wameramba hata mwiko wangu!" mama mmoja alilalamika kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia katika lalamiko.

Nilimkuta Mwalimu kwenye veranda akifuta miwani kwa kile kitambaa cha dashibodi.

"Mzee," alisema, "umeona?"

"Nimeona."

"Aliyeshindwa alipiga makofi wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa."

"Basi sikukosea kuona." Akavaa miwani. Wazee wa kanisa hawakuhitaji kikao kingine juu ya ukumbi.

*

Mlango wa macho yake ulifungwa kabla ya msimu uliofuata kuisha. Alikwenda kuishi Kiambere kwa binti yake, nyumba ambayo kutoka uani unaona maji ya bwawa. Mbio za mwisho safari hii zilikuwa Kianjai. Vijana waliniita niende nao, lakini nilienda Kiambere.

Nilimkuta ameketi, bodi imelazwa mezani mbele yake. Binti yake alikuwa amegandisha kamba nyembamba kwa gundi kufuata mistari ya barabara ya siku ile, ili vidole viweze kuifuata. Vigari vyote viwili vilikuwa mahali pa kuanzia. Aliponisikia alinyoosha mkono upande usio wangu kabisa, nikaufuata nikaushika. Nilisali, na niliombea pande zote mbili bila kukumbushwa.

Simu iliita. Ilikuwa kwenye sauti kubwa, na nyuma yake tulisikia ukumbi wa Kianjai ukivuma. Nilidhani kuna mtu atakayemtangazia mbio. Kumbe vijana walikuwa wamepanga jambo jingine bila kutuambia.

"Mimi ni Wawira, Mwalimu. Niko nyuma ya buluu. Naangalia kioo, nyuma yangu hakuna mtu."

"Mimi ni Mwenda, Mwalimu. Naongoza. Mama yuko nyuma, mayai yako salama."

Walikuwa wakiendesha na kusema, kama wanafunzi siku ya kwanza, ili yeye aone. Vidole vyake viwili vilianza kutembea juu ya kamba. Walizunguka hivyo mpaka mzunguko wa mwisho.

"Mimi ni Wawira. Kona ya mwisho. Bampa yangu iko kwenye mlango wake wa nyuma." Tulisikia breki. "Namwachia."

"Mimi ni Mwenda. Nimemwona ameniachia. Natoka kwenye kona... ai, nimeteleza kidogo."

"Mlango wa mbele! Niko mlango wa mbele, Mwalimu, upande wa kulia!"

"Kulia!" Mwalimu alipaza sauti, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Umesikia, Mzee? Amepita kulia!"

"Mimi ni Mwenda, nimemwachia nafasi yake. Anapita. Amepita. Mwalimu, amepita!"

Kelele zilizotoka kwenye simu zilikuwa nyingi hata kuku wa uani wakatawanyika. Nilitazama bodi. Chini ya vidole vya mtu asiyeona, kigari chekundu chenye upungufu wa gurudumu kilikuwa kimevuka kamba ya mwisho, na cha buluu kilikuwa nyuma yake kwa upana wa kidole. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, sikuweza kujizuia.

"Mwalimu," Wawira alikuwa akisema, akihema, "Mwalimu, uko hapo? Nimeendeshaje?"

Alichukua kitambaa, akafuta vumbi juu ya bodi polepole, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akielekeza uso wake mbele, kwenye maji asiyoyaona. Kule Kianjai walikuwa wamenyamazishana ili wasikie.

"Shuka," alisema. "Mwite mwenzako."

Kisha ukumbi mzima wa Kianjai ukalipuka kwa vigelegele, wao wenyewe walioshindwa, kwa sababu sasa hata wao walijua maana yake.